Chumba Chenye Mlango

Niliajiriwa kupekua wanawake. Hakuna aliyenitamkia hivyo nilipokuwa depo ya polisi Moshi mwaka 1982, tukipigishwa kwata alfajiri na Kilimanjaro umejifunika mawingu. Lakini siku niliyoripoti Iringa na sanduku langu la bati, mkuu wa kituo alinitazama, akafunga kitabu cha matukio, akasema, "Afadhali tumepata WP. Kila siku tulikuwa tunaazima wake za askari." Nilimwelewa baadaye. Sheria ya nchi hii, tangu enzi za Mwingereza, inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa staha, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imelirudia jambo hilo. Siku zile, pasipokuwa na askari wa kike, mke wa koplo aliitwa kutoka kota, akaacha ugali jikoni, akaja kumpapasa mtuhumiwa. Mimi, mwenye namba inayoanzia na WP ya askari wa kike, nililetwa kumpumzisha mke wa koplo.

Wasichana wanaoingia kazini siku hizi wakinikuta huniuliza, "Mama, dawati la jinsia lilianza lini?" Wanategemea nitaje mwaka. Miaka ipo, na nitaitaja. Lakini historia ya askari wa kike Nyanda za Juu Kusini, kwa jinsi nilivyoiishi kati ya Iringa na Mbeya, naiona kuwa ni historia ya vyumba. Nani alikaa mezani, nani alisimama, na kama pale pahali palikuwa na mlango wa kufungwa.

Kazi ya kupekua niliifanya sana mwaka 1983. Ule ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na maduka yalikuwa meupe, sabuni ya mche inauzwa kwa kujuana. Tulichukuliwa WP wachache tukapelekwa mpakani Tunduma, wakati huo ikiwa bado mkoa wa Mbeya. Songwe imekuja kukatwa mwaka 2016. Wanawake walivuka kutoka Zambia wakiwa wamejizungushia vitenge kiunoni chini ya nguo, doti juu ya doti, wanatembea kwa shida kama wajawazito. Tuliwapekua kwenye kibanda cha mabati kisicho na mlango. Tulitundika blanketi la jeshi mlangoni, na upepo wa Tunduma ukilipeperusha, foleni yote ya wanaume nje inaona. Siku moja nilimfungua mama wa makamo vitenge saba. Cha nane kilikuwa nguo yake ya kuvaa. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, hicho niachie." Nilimwachia. Vile saba niliviandika kwenye karatasi na yeye akaenda kuulizwa maswali na wanaume watatu.

Blanketi lile silisahau. Sheria ilisema staha. Serikali ilitoa blanketi.

Nirudi nyuma kidogo, maana historia hii ya vyumba haikuanzia kwa polisi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mhehe wa milima ya Kilolo. Alipokuwa msichana aliyeolewa karibuni, miaka ya 1930, alimkimbia mume akarudi kwa baba yake. Shauri likapelekwa kwenye baraza la mzagila, yaani mtawala mdogo chini ya mtwa. Mwingereza alikuwa ameyapa mabaraza hayo nguvu ya kisheria chini ya Gavana Donald Cameron, mwaka 1926 na kuendelea, kwa ule utawala wa kupitia machifu. Bibi alinisimulia kwamba siku ya shauri lake yeye alikaa nje, chini ya mti, akimenya maboga na wanawake wa mzagila. Ndani walikuwa baba yake, mume wake, mashahidi wa mahari, na karani. Walihesabu ng'ombe: wangapi walitolewa, wangapi walizaa, yupi alikufa na ngozi yake iko wapi. Jioni baba yake alitoka akamwambia, "Unarudi." Hakuna aliyemwuliza kwa nini alikimbia. Mpaka anakufa alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto.

Mambo kama hayo yameandikwa. Mwaka 1935 kilitoka kitabu kuhusu wilaya ya Iringa kilichoandikwa na mtafiti Gordon Brown pamoja na bwana shauri Bruce Hutt. Walikuwa wamepatana kwamba bwana shauri aulize maswali ya utawala na mtafiti ayatafutie majibu kwa Wahehe wenyewe. Kule Rungwe nako, Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na Monica akaja kuandika kwa kirefu juu ya ndoa na ng'ombe. Ukiwasoma unakutana na mashauri ya mahari, ugoni, na wake waliotoroka, moja baada ya lingine. Katika mabaraza yale mwanamke ndiye aliyekuwa kesi. Mwenye kesi alikuwa mwingine.

Uhuru ulikuja, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa na mabaraza yakawa mahakama za mwanzo. Mwaka huohuo serikali iliandika mila za urithi kwenye Gazeti la Serikali, na humo mjane hakuwekewa fungu lake katika mali ya mumewe ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo. Asubiri hisani ya watoto. Kilichokuwa kikisemwa na wazee kwa mdomo, kikiweza kubishiwa, sasa kilikuwa na namba. Nimeshuhudia mashemeji wasiojua kusoma wakiitaja.

Halafu ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Soma tena mwaka: 1971. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi yangu alikuwa hai, na babu, mume yuleyule, alikuwa hai pia. Hakuna aliyetuletea habari hiyo kijijini.

Habari ya mwaka ule iliyotufikia ilikuwa nyingine. Siku ya Krismasi, kule Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa kwenye mashamba makubwa ya mahindi. Kisha Mwamwindi akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaendesha mwenyewe mpaka kituo cha polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Baadaye alihukumiwa na kunyongwa. Watu wazima walibishana miaka mingi juu ya nani alimkosea nani. Mimi mtoto nilibaki na jambo moja tu, kwamba kuna mahali mjini, kuna meza, na hata jambo zito kiasi kile hupelekwa pale. Nadhani ndiyo sababu niliomba upolisi. Nilitaka kuiona meza hiyo.

Niliiona. Chaji rumu ya siku zile ilikuwa kaunta ndefu ya mbao iliyopakwa rangi ya kijivu, kitabu cha matukio juu yake, kalamu imefungwa kwa uzi. Nyuma ya kaunta mlango wa mahabusu. Mbele yake benchi moja. Kwenye benchi hilo anakaa mwenye baiskeli iliyoibwa, mlevi wa ulanzi anayesubiri kuandikwa, dereva wa lori aliyegonga ng'ombe Ilula, na mwanamke aliyepigwa. Wote wanasikilizana. Mwanamke anainama juu ya kaunta, ananong'ona, na askari anasema, "Sema kwa sauti, mama, niandike." Anasema kwa sauti. Mlevi anacheka.

Mwaka 1985 au 1986, katika kituo nisichokitaja, alikuja mama mmoja mwenye mkono uliovimba kuanzia kwenye kiwiko. Nilikuwa zamu ya mchana. Alikuwa amekuja mara mbili kabla ya hapo. Nilimpa fomu ya PF3 aende nayo hospitali, kisha nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyasikia yakisemwa na wakubwa wangu mara mia: "Rudi nyumbani, mama, mkayamalize na wazee." Mimi nilisema. Sikulazimishwa. Miezi kadhaa baadaye nilimkuta sokoni anauza njegere. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Alinitambua. "Kamwene, afande," akaniambia, akanipimia makopo mawili, akaongeza na konzi moja ya nyongeza bila kuombwa. Nilizipika njegere zile lakini sikuzila.

Nimelisimulia hili kwenye semina za askari vijana mara nyingi, na kila mara kuna mmoja anayeuliza kama sheria ya kumsaidia ilikuwapo wakati ule. Ilikuwapo. Ilikuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano.

Nilihamishiwa Mbeya mwaka 1988. Ni mji tofauti na Iringa. Iringa imekaa juu ya mlima wake, ukipanda kutoka Ipogolo unakuta watu wanaojuana ukoo kwa ukoo. Mbeya ilizaliwa na dhahabu ya Lupa miaka ya 1920, ikakuzwa na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, na mtaa wake wa Mwanjelwa ulikuwa unalala saa ambayo Iringa inaamka. Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wakinga wa biashara, Wazambia, kila mtu yupo. Kesi zilikuwa nyingi, baridi ya Juni kali, na WP tulikuwa wachache kiasi kwamba tulifahamiana kwa sauti kwenye redio ya upepo. Kazi zetu zilikuwa zilezile nne: kupekua, kulinda mahabusu wa kike, kukaa na watoto waliopotea, na trafiki kwa wale wenye bahati. Upelelezi walipewa wanaume. Nilipoomba kozi ya upelelezi mara ya kwanza niliulizwa nani atalea watoto wangu. Mara ya tatu nikapewa.

Jambo moja la siasa za wakati ule vijana hawalijui. Mpaka mwaka 1992 askari aliweza kuwa na kadi ya chama. Chama kilikuwa kimoja. Mimi nilikuwa nayo, nikilipia ada. Ulipoingia mfumo wa vyama vingi, Katiba ikapiga marufuku mwanajeshi na polisi kujiunga na chama chochote, ibara ya 147. Tukatoka. Kwa hiyo sisi wa rika langu tulikaa ndani ya siasa, tukatolewa, na wachache wetu tukarudi baada ya kustaafu. Miaka ile ya nje ilinifundisha kumsikiliza mlalamikaji bila kutazama rangi ya kanga yake, na nilipokuja kuwa diwani hilo lilinifaa.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Ubakaji, kifungo kisichopungua miaka thelathini. Wa mtoto chini ya miaka kumi, maisha. Tuliisoma kituoni kwa sauti. Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Lakini adhabu ikiwa kubwa na shahidi akawa mwanao, mpwa wako au jirani, ukoo unaona heri ng'ombe wawili na blanketi kuliko miaka thelathini. Mashauri yalikuwa yakiyeyuka njiani kati ya kituo na mahakama. Mama anakuja Jumatatu analia, Ijumaa anakuja na shemeji yake kusema mtoto alikosea kumtambua mtu. Tulikuwa na sheria yenye meno, na bado tulimhoji mtoto wa miaka minane kwenye kaunta ileile, mbele ya benchi lilelile.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuja vijijini Mbeya watafiti wanawake. Ulikuwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi kadhaa, na kwa Tanzania walichagua Dar es Salaam na Mbeya. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakahakikisha wanaongea na mwanamke peke yake. Majibu yalitoka mwaka 2005: kwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam walikuwa wamepigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo, na Mbeya asilimia 56. Afisa mmoja aliyaona magazetini akasema wanawake wa huku wanapenda kusema. Mimi nilifikiria vitabu vyetu vya matukio. Kama zaidi ya nusu wamepigwa, majina yao yako wapi? Hayakuwemo. Wale watafiti walipata kwa kukaa chumbani na mama mmoja saa nzima kitu ambacho sisi hatukukipata kwa miaka ishirini ya kaunta.

Ndipo ikaja zamu ya chumba. Mwaka 2007, Said Mwema akiwa Inspekta Jenerali, uliundwa Mtandao wa Polisi Wanawake, na baada yake yakaanza madawati ya jinsia na watoto vituoni, ambayo leo yamepita mia nne nchini. Watu hudhani dawati ni meza. Dawati letu la kwanza lilikuwa stoo ya vielelezo. Tulitoa baiskeli kumi na kitu zisizo na wenyewe, madumu ya gongo yaliyokuwa yanavuja, na panga moja lenye lebo iliyofutika. Tukafagia siku mbili. Harufu ya gongo haikutoka mpaka mvua za mwaka uliofuata. Tuliweka meza, viti vitatu, mkeka na mwanasesere wa kitambaa kwa ajili ya watoto. Na kulikuwa na mlango. Bawaba zililia kila ukifungwa, nikamkataza fundi kuzipaka mafuta, maana mlio ule ulimwambia mwanamke kwamba umefungwa kweli.

Wiki ya kwanza walikuja wawili. Wa tatu alikuwa mwanamume, kapigwa na wanawe wakigombea shamba, naye alilia kama wengine. Baadaye hawakuhesabika.

Niliporudishwa Iringa mwaka 2009 dawati lilikuwa limejaa mambo ya huku. Utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008 ulikuwa umeonyesha Iringa, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Njombe, ina maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa asilimia 15.7 ya watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote. Ukisoma namba hiyo hospitalini unaona wagonjwa. Ukiisoma dawatini unaona wajane. Mume amezikwa Jumamosi, Jumatatu shemeji amekuja na mabati yamehesabiwa. Mama ana dawa zake kwenye mfuko wa plastiki na watoto watatu, na anaambiwa yeye ndiye aliyemwua ndugu yao. Tulijifunza kuita ndugu wa mume kabla ya siku arobaini, tukawasomea Katiba na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwa sauti ya upole. Baadhi walirudisha mabati usiku ili wasionekane.

Na kulikuwa na wasichana. Kila Mtanzania anajua msemo wa "dada wa Iringa", binti wa kazi, na wengi hucheka wakiutaja. Mimi nimekaa Ipogolo alfajiri nikiwateremsha kwenye mabasi ya Dar es Salaam. Wana miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, wametoka Kilolo na Mufindi, mwingine Makete, wamevaa sweta la shule lililotolewa nembo. Mama mmoja aliyevaa vizuri amekaa kiti cha mbele na ana tiketi zote. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema mtoto chini ya miaka kumi na minne haajiriwi. Sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ni ya 2008. Ya mtoto, 2009. Sheria tatu ndani ya miaka mitano, na basi linaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nilimwuliza binti mmoja anakwenda kwa nani. Akasema, "Kwa mama mdogo." Jina lake? Hakulijua. Nilimpakata mapajani kama mwanangu mpaka gari la kituo lilipofika, na alikuwa mzito wa usingizi.

Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, mikononi mwa polisi waliokuwa wakizuia shughuli ya chama cha siasa. Askari mmoja alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka kumi na tano. Sitapita hapo haraka kwa sababu nilivaa sare ileile. Wiki ile nilitembea kutoka kota hadi kituoni kwa kanga, sare nimeibeba kwenye mfuko. Mama aliyekuwa na shauri dawatini hakuja siku ya miadi. Nilimfuata kwake. Alinikaribisha kigoda, akanipa chai, akasema, "Wewe nakujua. Lakini pale ukutani wameandika Polisi." Shauri lake tulilimalizia mahakamani baada ya miezi mitano, na kila hatua nilikwenda kwake mimi, hakuja yeye.

Nilistaafu mwaka 2014. Mwaka uliofuata wanawake wa tarafa yetu walinisukuma nichukue fomu ya udiwani wa viti maalum. Sheria inataka madiwani wa namna hiyo wasipungue theluthi moja, na watu wengi huwaita madiwani wa kupewa. Ninajua jinsi wanavyosemwa. Ninajua pia kwamba diwani wa viti maalum hana kata ya kwake, hana ofisi, anakaa kwenye kamati ya maendeleo ya kata ya mwenzake kama mgeni aliyealikwa chakula. Lakini niliingia ukumbini, nikaitwa Mheshimiwa, na nikagundua kwamba meza niliyoitafuta tangu mtoto ina miguu mingi. Polisi wana mguu mmoja. Bajeti ya halmashauri ina miwili.

Nchi yetu imewahi kuwa na maspika wawili wanawake, na wote wawili ni wa Nyanda za Juu: Anne Makinda wa Njombe, aliyeingia bungeni 1975 akiwa na miaka ishirini na sita na kukalia kiti cha Spika mwaka 2010, na Tulia Ackson wa Rungwe, aliyekikalia mwaka 2022 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Iringa ilikuwa imemtoa Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliyeliongoza Bunge tangu 1962. Nilijivunia sana, na bado najivunia. Januari 2019, Njombe ilipotikiswa na mauaji ya watoto wadogo, kamanda wa polisi wa mkoa aliyesimama mbele ya waandishi alikuwa mwanamke, Renata Mzinga, na nilimwangalia kwenye televisheni nikakumbuka blanketi la Tunduma. Lakini kutoka kiti cha Spika mpaka benchi la kijijini ni mbali, na hoja yangu kwenye baraza la madiwani ilikuwa ndogo mno kwa macho ya wenzangu: kila ofisi ya kata inayojengwa iwe na chumba cha mashauri ya ndani, chenye mlango wake.

Nilijibiwa kwamba hiyo ni kazi ya Polisi. Nikasema Baraza la Kata ni letu tangu sheria ya 1985, na sheria ya mabaraza ya ardhi ya 2002 imetaka watatu kati ya wajumbe wake wawe wanawake. Je, wanakaa wapi? Mwenyekiti alikuwa mtu mwema. Akasema, "Mheshimiwa, wanakaa barazani, ndiyo maana linaitwa baraza." Ukumbi ukacheka, na sikuwachukia. Nilileta hoja ile tena robo iliyofuata, na nyingine, nikiwa na mashauri yaliyoandikwa bila majina. Mara ya tano nilisoma la mtoto wa miaka tisa aliyehojiwa barazani huku watu wakisubiri muhuri wa mtendaji. Hakuna aliyecheka. Pesa ya mabati na saruji ikapatikana kwa kata mbili. Matofali walichoma wananchi.

Mwaka 2020 sikupita kwenye kura za maoni za chama changu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Baraza la Kata likaondolewa uwezo wa kuamua kesi za ardhi, likabaki na kupatanisha. Wengine wanasema limenyang'anywa meno. Mimi nasema upatanishi nao unahitaji chumba, pengine kuliko hukumu.

Ofisi ya mojawapo ya kata zile mbili ilimalizika nikiwa bado diwani. Nilikwenda kuiona fundi akipiga lipu. Chumba kilikuwapo, kizuri, na dirisha la juu. Ila mlango ulikuwa umefunguliwa upande wa barazani, pale wanaume wanaposubiri mtendaji tangu asubuhi. Nikamwuliza fundi kwa nini. Akanionyesha ramani. Nikatoa pesa yangu ya siku mbili za kazi, nikamwomba azibe pale, atoboe nyuma, upande wa milingoti. Alizunguka nje na kurudi, akapima kwa kamba, akasema ukuta utabaki na alama. Nikamwambia aiache ibaki.

Alama ipo mpaka leo, umbo la mlango limejichora kwenye lipu. Wanaokaa barazani huegemea hapo mgongo. Nyuma kuna njia nyembamba inayopita kando ya shamba la mahindi, na majani ya milingoti yaliyodondoka njiani yamekanyagwa hadi yamekuwa unga.